Mgeni Aliyenunua Langoni: Tunapotaka Kununua Nyumba Nje ya Nchi



Kuna ombi ambalo wachungaji wa mashariki wanalisikia mara nyingi miaka hii. Mtu anabaki kanisani baada ya ibada, anangoja wengine watoke, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Mchungaji, tumekusanya kidogo. Watoto wako Kampala, wanasoma. Tunataka kununua nyumba kule, ili siku risasi zikilia tena tuwe na mahali. Utuombee."

Ombi hilo si la kuchekwa wala la kukemewa. Anayelileta amekwisha kukimbia mara mbili au tatu. Amefunga mlango wa nyumba yake bila kujua kama ataufungua tena. Hatafuti anasa, anatafuta mahali pa kulaza watoto. Tunamwombea, na tunasema Amina.

Lakini baada ya Amina kuna swali moja ambalo watu wengi hawalifikii, au wanalifikia wakati fedha zimekwisha kutoka mkononi: hiyo nyumba itaandikwa kwa jina la nani? Makala hii ni kuhusu swali hilo. Tunachukua Uganda kuwa mfano wetu mkubwa, kwa sababu ndugu zetu wengi wa Beni, Butembo, Bunia na Goma wanaelekea huko, wengine kwa biashara, wengine kwa masomo, wengine kwa ukimbizi. Tutagusa pia nchi nyingine jirani.

Abrahamu alijitaja kuwa mgeni

Tusome tena Mwanzo sura ya 23. Sara amekufa huko Hebroni. Abrahamu ana mifugo, ana watumishi, ana fedha, tena ana ahadi ya Mungu kwamba nchi ile itakuwa ya uzao wake. Hata hivyo, siku ile hana hata mahali pa kumzika mke wake.

Tazama alivyofanya. Alikwenda mbele ya wenyeji, kwenye lango la mji, mahali ambapo mambo ya watu wote yaliamuliwa. Alianza kwa kusema wazi kwamba yeye ni mgeni na mpitaji kati yao. Efroni, mwenye shamba, alipomwambia achukue tu bila kulipa, Abrahamu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya wote waliokuwapo. Na Maandiko yanataja kwa makini kile alichonunua: shamba, pango lililo ndani yake, na miti yote iliyokuwa ndani ya mipaka.

Mambo manne yako hapo. Hakuficha ugeni wake. Alinunua mbele ya mashahidi. Alimlipa mwenye mali mwenyewe, bei kamili. Na mipaka ilitajwa. Ndiyo maana, miaka mingi baadaye, Yosefu aliweza kupanda kutoka Misri na kumzika baba yake Yakobo katika pango lile lile. Ununuzi wa siku moja ulishika kwa vizazi.

Hasara nyingi zinazotupata sisi zinatoka katika kuacha moja la mambo hayo manne. Na mara nyingi lile la kwanza ndilo linaloachwa: tunaficha kwamba sisi ni wageni.

Kwa nini nchi hazimpi mgeni ardhi moja kwa moja

Wengine wanakasirika wakisikia kwamba sheria ya jirani inawawekea mgeni mipaka. Wanasema, "Si sisi sote ni Waafrika? Si sisi ni ndugu katika Kristo?" Kabla ya kukasirika, tuangalie nyumbani kwetu. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia Mkongomani anaweza kupewa haki ya kudumu juu ya parseli yake. Mgeni hawezi. Mgeni anapewa haki ya muda, kwa kawaida isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Basi tunachokutana nacho Kampala si chuki juu yetu. Ni kanuni ambayo sisi pia tunayo.

Kila nchi ina namna yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu asiye raia anaweza kushika ardhi kwa pango la muda tu, lisilozidi miaka 99. Hata kama karatasi yake imeandikwa kwamba ni milki ya milele, sheria inaihesabu kuwa pango la miaka 99. Tanzania ni ngumu zaidi: kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa na serikali. Kwa hiyo ndugu wa Uvira, Fizi au Kalemi anayevuka ziwa na kununua kiwanja upande wa Kigoma kwa karatasi ya mwenyekiti wa kijiji, mara nyingi hajanunua kitu ambacho sheria itakitambua.

Uganda iko karibu na Kenya katika jambo hili. Katiba ya mwaka 1995 inasema ardhi ni ya raia wa Uganda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inasema asiye raia hawezi kushika ardhi ya milki kamili, lakini anaweza kupata pango la muda mrefu, hadi miaka 99. Pango la miaka mitano au zaidi lazima lisajiliwe. Watu wa Kampala wanaliita "lizi". Kumbuka neno hilo, kwa maana ndilo mlango ambao sheria imemfungulia mgeni. Ni mlango mdogo, lakini ni mlango wa kweli.

Aina nne za ardhi, na karatasi ambayo si hati

Kule Uganda kuna aina nne za kushika ardhi: ya mila, ya milki kamili, ya mailo, na ya lizi. Mailo ni neno la Buganda. Linatoka kwenye mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na wakubwa wa Buganda, ambapo ardhi iligawanywa kwa maili za mraba. Kampala iko ndani ya Buganda, kwa hiyo sehemu kubwa ya ardhi ya mji huo na ya Wakiso na Mukono ni mailo. Mgeni haruhusiwi kushika mailo wala milki kamili kwa jina lake.

Juu ya ardhi ya mailo kuna jambo lingine linalowachanganya watu wetu: kibanja. Mwenye kibanja ni mtu anayekaa na kulima au kujenga juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. Anamlipa mwenye hati ada ndogo ya kila mwaka, inaitwa busuulu. Sheria inamlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo. Lakini ulinzi huo haumfanyi kuwa mwenye ardhi. Juu ya kiwanja kimoja kuna watu wawili wenye haki, na ukimlipa mmoja bila kumjua wa pili, umeingia katika ugomvi ambao ulikuwapo kabla hujafika.

Hapa ndipo mtego ulipo. Kibanja ni rahisi kwa bei, na kinauzwa kwa karatasi ya mapatano, wao wanaiita endagaano, iliyotiwa sahihi na mihuri ya mwenyekiti wa mtaa, yule wa LC1. Mtu wetu anaona muhuri, anakumbuka muhuri wa shefu wa avenyu kwetu, anatulia moyo. Lakini mwenyekiti wa LC1 ni shahidi tu. Anajua nani anakaa wapi. Yeye hatoi hati ya ardhi, kama vile shefu wa avenyu kwetu hatoi cheti cha kusajiliwa kinachotolewa na mtunza hati za ardhi. Hati yenyewe kule inaitwa kyapa. Ukiambiwa bei, uliza kwanza: "Kuna kyapa? Ni ya aina gani? Iko kwa jina la nani?" Maswali hayo matatu yanaweza kukuokolea jasho la miaka kumi.

Jina la kukopa

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu amepata nyumba nzuri pembeni ya Kampala, iko juu ya mailo. Komisionere anamwambia: "Wewe ni Mkongomani, lizi itachukua muda na gharama. Lakini kuna ndugu mmoja mwaminifu, raia wa hapa, mnasali pamoja. Weka hati kwa jina lake, nyumba itabaki yako. Mtaandikiana karatasi ninyi wawili." Mfanyabiashara anakubali. Analipa. Anahamia. Miaka sita inapita kwa amani.

Kisha yule ndugu mwaminifu anakufa. Mwaminifu alikuwa yeye, si watoto wake. Wanafungua sanduku la baba yao, wanakuta hati yenye jina lake. Au hakufa, bali amekopa banki na kuweka hati ile rehani, akashindwa kulipa. Au mke wake amekwenda mahakamani kudai mali ya familia. Katika kila hali hizo, kitabu cha serikali kina jina moja tu, nalo si la mfanyabiashara wetu. Kwa sheria ya Uganda, hati iliyosajiliwa ndiyo ushahidi mkubwa wa nani ni mwenye ardhi. Na ile karatasi ya siri itamfaa nini mbele ya hakimu? Inaonyesha kwamba watu wawili walikaa pamoja na kupanga namna ya kuikwepa sheria. Mahakama hazipendi kumsaidia mtu wa namna hiyo.

Tena, jina la kukopa linamjaribu yule aliyelikopesha. Tunamwekea ndugu mzigo ambao hakuuomba: kila siku anaamka akijua kwamba nyumba ya thamani kubwa ni yake kwa karatasi. Tunaomba tusitiwe majaribuni, kisha tunamtia mwenzetu.

Kuna wengine wanaokwenda mbali zaidi: wanatafuta kitambulisho cha taifa cha Uganda kwa njia ya pembeni, ili wanunue kama raia. Hilo ni kosa la jinai kule. Na kwetu pia lina bei yake. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauwezi kushikwa pamoja na uraia mwingine. Mtu anayejiandika kuwa raia wa nchi jirani ili apate kiwanja anaweza kujikuta hana ushahidi mzuri wa kuwa raia wa mahali popote. Sisi wa mashariki tunajua jinsi swali la uraia lilivyotuumiza. Tusilichezee.

Wengine wanasema, "Basi tutafungua kampuni." Kampuni halali ni jambo jema kwa biashara. Lakini sheria ya Uganda inaangalia nani anaishika kampuni: ikiwa wageni ndio wenye nguvu ndani yake, nayo inahesabiwa kuwa mgeni. Kenya ni kali zaidi: kampuni yenye mgeni hata mmoja kati ya wenye hisa haihesabiwi kuwa raia.

Kupita mlangoni, hatua kwa hatua

Basi mgeni anayetaka kufanya kama Abrahamu afanye nini? Tueleze kwa kifupi.

Kwanza, chagua wakili wako mwenyewe. Si wakili wa muuzaji, wala yule aliyeletwa na komisionere. Hakikisha ana ruhusa ya kazi ya mwaka huo. Mkataba utaandikwa kwa Kiingereza. Usitie sahihi mpaka umesomewa wote kwa lugha unayoielewa, neno kwa neno, na mtu ambaye hapati kitu katika biashara ile.

Pili, chukua namba ya bloki na ya ploti, uende na wakili kwenye ofisi ya ardhi ya eneo lile. Wizara ya Ardhi ya Uganda ina ofisi za kanda, kama vile Kampala, Wakiso, Mukono na Mbarara. Pale unaomba kuangaliwa kitabu. Utajua jina la mwenye ardhi, aina ya ardhi, kama iko rehani, na kama kuna mtu ameweka kizuizi ili isiuzwe. Fotokopi ya hati ambayo muuzaji anakuonyesha mezani si jibu. Jibu liko kwenye kitabu cha serikali.

Tatu, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa afungue mipaka. Hati inaweza kuwa ya kweli, lakini ikawa ni ya kiwanja kilicho nyuma ya kile ulichoonyeshwa. Siku hiyo ongea na majirani na mwenyekiti wa LC1. Uliza kama kuna mwenye kibanja, kama kuna kesi, kama kuna kaburi la ukoo. Hapo muhuri wa LC1 una kazi yake ya kweli: ushuhuda wa wenyeji, lile lango la mji.

Nne, uliza juu ya mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Uganda inakataza kuuza ardhi ambayo familia inakaa au inaitegemea kwa chakula bila ukubali wa mwenzi. Ukubali huo uandikwe. Mwanamume anayekuambia, "Mke wangu hana neno," mwambie amlete atie sahihi.

Tano, fahamu lizi unayonunua. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kununua lizi ambayo tayari ipo. Hapo hesabu miaka iliyobaki, si miaka iliyoandikwa juu. Lizi ya miaka 49 iliyoanza mwaka 1990 inakwisha mwaka 2039. Ukiinunua kwa bei ya miaka 49, umedanganywa. Angalia pia kama ni lizi ya mwanzo ya miaka mitano inayodai ujenge kwanza ndipo irefushwe. Ya pili ni mwenye mailo au milki kamili kukukatia lizi mpya. Unamlipa fedha ya kwanza, na baadaye kodi ya ardhi ya kila mwaka. Mkataba useme kodi ni kiasi gani, itapandishwaje, na mwisho wa miaka nyumba uliyojenga itakuwa ya nani. Usijenge gorofa juu ya lizi ambayo hujaisoma ukurasa wa mwisho.

Sita, lipa kwa banki, na kwa vipande. Sehemu wakati wa sahihi, sehemu baada ya karatasi zote za kuhamisha kuwa mkononi mwa wakili, na sehemu ya mwisho baada ya usajili. Tunajua kwamba kwa ndugu walio mahali ambapo banki zimefungwa, hilo ni gumu. Hata hivyo, kuvuka Kasindi na kitita cha dola kiunoni ni hatari mara tatu: kwa wezi, kwa forodha ambako fedha nyingi lazima zitangazwe, na kwa muuzaji ambaye kesho anaweza kusema hakupokea. Yule aliye na jamaa anayeaminika mwenye akaunti upande wa pili, afanye kwa maandishi, na risiti zitunzwe.

Saba, usiishie kwenye sahihi. Serikali inathamini mali, ushuru wa stempu unalipwa kwenye mamlaka ya mapato, kisha lizi inasajiliwa na hati inatoka kwa jina lako kama lilivyo kwenye pasi yako ya kusafiria. Watu wengi wanasimama baada ya mkataba kwa sababu fedha zimekwisha. Basi weka fedha za usajili pembeni tangu mwanzo. Kama hazitoshi kwa nyumba na usajili, nyumba hiyo ni kubwa kuliko mfuko wako.

Na kuna hatua ya sifuri ambayo tungeiweka kabla ya zote: panga kwanza. Kaa katika mtaa ule mwaka mmoja kama mpangaji. Utajua maji yanafika wapi wakati wa mvua, na watu wanasema nini juu ya kiwanja kile. Kwa familia nyingi, kupanga na kulipa masomo ya watoto ni hekima kuliko kununua kwa haraka. Si dhambi kukaa katika nyumba ya kupanga.

Kwa ndugu walio katika makazi ya wakimbizi

Wengi kati yetu wana jamaa Nakivale, Rwamwanja, Kyangwali au Kyaka II. Serikali ya Uganda inawapa wakimbizi kipande cha ardhi wakae na kulima, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kipande hicho ni cha kutumia tu. Mkimbizi haruhusiwi kukiuza wala kukipangisha. Kwa hiyo anayekuuzia ploti ndani ya makazi anauza kitu ambacho si chake, hata kama amejenga juu yake nyumba ya matofali, na hata kama ni shemasi. Unayenunua utabaki bila hati, na yeye anaweza kupoteza nafasi yake.

Nje ya makazi, mkimbizi anahesabiwa kama wageni wengine katika mambo ya mali. Naye anaweza kufuata njia ya lizi kwa jina lake mwenyewe. Hana sababu ya kukopa jina.

Siku mwenye nyumba akifa

Jambo hili hatulipendi, lakini ndilo linalovunja familia. Baba amenunua Kampala, anakufa Butembo. Mama mjane anadhani cheti cha kifo na barua ya baraza la familia vitatosha. Havitoshi. Nyumba na ardhi vinafuata sheria ya nchi viliko. Kwa mali iliyo Uganda, lazima mahakama ya Uganda imtambue mtu wa kuisimamia mirathi, ndipo ofisi ya ardhi ibadilishe jina.

Lizi iliyosajiliwa inarithiwa kwa miaka iliyobaki. Jina la kukopa halirithiwi. Basi aliyenunua aandike wosia, pamoja na wakili wa kule, akimtaja mke wake na watoto kwa majina kamili. Na asimfiche mke wake. Tumeona katika makanisa yetu wajane ambao hawajui waume wao walinunua wapi, wala hati iko kwa nani. Mume anayesema anajenga mahali pa familia kukimbilia, kisha anaficha ufunguo, hajajenga kitu. Kama ndoa haijaandikwa kwa serikali, iandikwe, kwa maana mbele ya mahakama ya ugenini wimbo wa harusi hautoshi.

Neno kwa makanisa

Wachungaji na wazee, tuna sehemu yetu. Tukubali kwamba njia kubwa ambayo watu wetu wanadanganywa nayo ni ile ya imani. Komisionere anaanza na "Bwana asifiwe." Anataja jina la mchungaji. Anakuja ibadani Jumapili mbili, ya tatu anauza viwanja kwenye uwanja wa kanisa. Tusimpe mtu yeyote madhabahu ya kutangaza ardhi. Mchungaji asipokee asilimia. Na akiombwa kuwa shahidi wa mapatano ya jina la kukopa, akatae kwa upole na aeleze sababu.

Kinyume chake, kanisa linaweza kufanya mengi mema. Linaweza kumwalika wakili mkristo siku moja awafundishe watu. Linaweza kuwa na wazee wawili wanaojua kusoma Kiingereza cha mikataba, wamsomee mama ambaye hakusoma. Makanisa yetu na makanisa ya upande wa pili yanaweza kuulizana habari kabla fedha hazijatoka, si baada ya machozi.

Tena, tusiseme kwamba anayenunua nje amekosa imani, au ameiacha nchi. Yeremia aliwaandikia waliokuwa uhamishoni Babeli wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Yeremia huyo huyo, wakati majeshi yamezunguka Yerusalemu, alinunua shamba la nyumbani kwao Anatothi kwa shekeli 17 za fedha. Alitia sahihi, akaita mashahidi, akapima fedha kwa mizani, akampa Baruku hati aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mtu wa Mungu alijua kwamba kuna siku ya kurudi, na siku hiyo karatasi itahitajika.

Hilo linatuhusu pande zote mbili za mpaka. Wewe unayenunua kule, nunua langoni, kwa jina lako, kama mgeni asiyeona haya kuwa mgeni. Na hati ya parseli yako ya huku nyumbani, hata kama leo huwezi kuifikia, itafute, ipige picha, itunze. Nayo pia ni ya watoto wako.

Bwana awalinde mnapotoka na mnapoingia.